Kabla Hujatuma Elfu Ishirini na Nane kwa Upinde wa Kuvulia

Wasee, inboksi yangu wiki hii imejaa swali moja tu. Zile video za Wamarekani zimewafikia. Mtu amesimama mbele ya boti usiku, taa zinamulika maji kama mchana, anavuta upinde, mshale unazama, halafu anavuta kamba na kutoa samaki mkubwa kama mtoto wa chekechea. Nisiwadanganye, hata mimi zilinishika. Nilizitazama mpaka saa tisa usiku, bando likakata, nikakopa jingine nikaendelea. Sasa mnaniuliza: bro, seti ya upinde wa kuvulia ambayo si ghali na inadumu ni ipi?

Jibu langu ni kwamba usinunue yoyote. Lakini nikiachia hapo mtasema ninawazibia riziki, kwa hivyo kaeni tuongee.

Kwanza niwape yangu. Kuna duka la mtandaoni, jina nitalihifadhi, lilinitafuta mwezi uliopita likitaka nifanye video ya seti kama hiyo. Bei ni shilingi 28,000 mpaka ikufikie. Kila atakayenunua kupitia kwangu, mimi napata kamisheni. Nilipiga hesabu: watu kumi tu, na kodi ya nyumba nimeisahau kwa muda. Nilikataa. Msinipigie makofi, sikukataa kwa sababu mimi ni malaika. Nilikataa kwa sababu mwaka jana nilikubali dili ya namna hiyo hiyo, na aliyeilipia si mimi.

Wanaonifuata tangu mwanzo wanajua nilitoka chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, karo ikashinda, nikarudi nyumbani Msambweni nikiwa na simu, stendi ya simu, na aibu. Ami yangu ni mvuvi wa mshipi. Nikawa namfuata kwenye mtumbwi wake asubuhi, narekodi, naweka. Mkazipenda. Zikafika mahali duka moja likaniambia litanipa seti ya fimbo ya kuvulia, na rili yake, na kisanduku cha ndoana, pamoja na shilingi 6,000 mkononi, nifanye video moja tu nzuri. Nilifanya. Nilisema kwa mdomo wangu huu kwamba ni ya bei nafuu na inadumu. Nilikuwa nimeitumia siku mbili.

Safari ya nne ile rili ilianza kukwama. Niliifungua. Na hapa nitumie kale kaelimu kangu ka miaka miwili: mwili wa rili ulikuwa wa alumini, skrubu zake za chuma. Ukizigusanisha metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi, moja inaila nyingine. Kati ya hizo mbili alumini ndiyo inayoliwa. Pale kwenye kila skrubu kulikuwa na unga mweupe kama magadi, na meno ya ndani yalikuwa yameshikana. Si kwamba niliitunza vibaya. Ile rili iliundwa kwa ajili ya mtu wa maji baridi, halafu ikauzwa kwetu sisi wa chumvi na mtu ambaye hajali, kupitia mtu mwingine ambaye hakuuliza. Huyo wa pili ni mimi.

Ilipokufa nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya ile video. Niliitupa chini ya kitanda nikaendelea kuweka video nyingine. Wiki mbili baadaye kijana mmoja, sitasema ni wa wapi, akaniandikia. Alikuwa amenunua seti ile ile kwa shilingi 3,800. Pesa alipewa na mamake, zamu yake ya chama. Alitaka kuanza kuvua auze, asaidie nyumbani. Akanitumia picha ya rili yenye unga mweupe, akauliza kwa heshima zote: "Kaka, nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Nilikaa na ule ujumbe siku tatu nikiuangalia.

Sasa turudi kwenye upinde.

Lazima niwe mkweli kwamba kule kwao ule ni uvuvi wa akili, si mchezo wa wajinga. Upinde wenyewe ni wa aina mbili. Kuna ule wa kawaida ambao ncha zake zimejikunja mbele, na kuna ule wa roda, wenye magurudumu madogo na kamba zinazopita juu yake. Ule wa kawaida ndio nafuu na ndio unaodumu zaidi kwa mtu asiye na fundi, maana hauna kitu cha kuharibika. Ni mti na kamba basi. Hawahitaji nguvu kubwa, paundi 30 mpaka 50 zinatosha kwa sababu samaki yuko karibu. Ukizidisha, mshale unazama kwenye tope hadi kuuchomoa ni kazi.

Mshale wao hauna manyoya kama ule wa kuwindia. Ni mzito, wa faiba, mtupu, kwa sababu manyoya yangeuyumbisha ndani ya maji. Kigumba chake kina meno yanayofunguka ili samaki asichomoke, na ukishamtoa unazungusha ncha, yale meno yanageuka, samaki anatoka. Uzi ni ule mnene wa kusukwa, wa kubeba mpaka paundi 200. Si kwamba samaki ana uzito huo. Ni kwa sababu mshale ukinasa kwenye gogo unataka kuuvuta urudi nao.

Halafu lipo jambo la mwanga. Maji hupinda mwanga, kwa hivyo samaki unayemwona hayuko pale unapomwona. Yuko chini zaidi. Ukimlenga yeye, mshale unapita juu ya mgongo wake. Inabidi ulenge chini yake, na ni kiasi gani, hakuna anayeweza kukuuzia. Pia wanavaa miwani ya kukata mng'ao, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kitu pekee katika seti nzima ambacho mvuvi wa huku kingemfaa kesho asubuhi.

Lakini niliposoma maelezo ya seti ya lile duka nikaona kitu kilichonifanya nifunge simu. Kwenye upinde mzuri wa kuvulia, uzi haufungwi mkiani mwa mshale. Unafungwa kwenye kipete kidogo kinachoteleza juu ya mshale na kukaa mbele ya kamba ya upinde. Sababu ni kwamba uzi ukifungwa mkiani unaweza kujisokota kwenye kamba ya upinde wakati unaachia. Mshale unatoka, uzi unakaza ghafla, na mshale unarudi ulikotoka. Ulikotoka ni usoni mwako. Picha ya ile seti ya bei nafuu ilionyesha uzi umefungwa mkiani. Kipete hakikuwepo. Wamepunguza kitu cha shilingi mia kadhaa ili bei ivutie, na kilichopunguzwa ni jicho lako.

Tuseme umepata yenye kipete. Bado nasema usinunue, na hapa ndipo ami alinifungua macho. Nilimwonyesha ile video kwenye simu tukiwa tumekaa chini ya mwembe tunatia chambo. Aliitazama mpaka mwisho, akacheka pale samaki aliporuka. Kisha akauliza maswali mawili tu. La kwanza: "Hapo chini ni tope au ni mwamba?" La pili: "Mshale ukivunjika, mwanangu, utautengeneza na nini?"

La kwanza nililijibu baada ya kutafuta. Wengi wa samaki mnaowaona kwenye zile video ni karpu wa kutoka Asia. Waliingizwa Marekani miaka ya 1970 kwa ajili ya mabwawa ya kufugia, wakatoroka, na leo wamejaa kwenye mito kama Illinois mpaka wanaruka ndani ya boti zenyewe. Maji ni ya kina kifupi, chini ni tope, na watu wa huko wanataka kabisa hao samaki wapungue. Ukikosa, mshale unachoma tope, unavuta, unapiga tena. Ukipata, umemuua, hakuna kumrudisha. Mshale hauna habari ya kumrudisha mdogo akue. Kwao hilo si tatizo, ndiyo kazi yenyewe.

Kwetu chini ni mwamba. Mshale wa faiba ukigonga jiwe mara tatu ncha imekuwa butu, mara sita mti umepasuka nyuzi nyuzi, na nyuzi za faiba zikikuingia kiganjani utawakumbuka ukoo wako wote. Mshale mmoja wa ziada niliambiwa ni shilingi 2,500. Utavunja mingapi kabla hujajua kulenga chini ya samaki? Na usisahau kwamba nusu ya mwaka ni kusi, maji yamechafuka, humwoni hata huyo wa kumlenga.

Kuna mmoja kanijibu vizuri kwenye komenti: mbona Naivasha kuna karpu, tena wengi? Kweli kabisa, karpu wapo Naivasha na wanaliwa. Ila bro, video zote ulizopenda ni za usiku. Naivasha usiku, ukingoni, kwenye maji mafupi, ni ratiba ya kiboko. Mimi sitakuja kukurekodi.

Halafu sheria. Tangu mwaka 2001 serikali yetu ilipiga marufuku juya la kukokota ufuoni na bunduki ya kuvulia samaki. Ile bunduki ya huku mnaijua, ni mbao, raba ya tairi na chuma kilichochongwa ncha. Ni rahisi kuliko chochote na inadumu miaka, nakubali, lakini imekatazwa, na mwenye nayo siku akikutana na doria anarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa wewe simama mbele ya afisa wa uvuvi na mshale uliofungwa uzi, umwelezee kwamba chako si ndugu wa bunduki kwa sababu kimetoka ng'ambo. Kama bado una hamu, nenda kwanza kwa BMU ya pwani yako ukaulize, kabla ya kutuma hela. Kuuliza ni bure.

Swali la pili la ami ndilo nililobaki nalo. Utautengeneza na nini? Tangu siku ile, nikisikia mtu anasema kifaa "kinadumu," hilo ndilo ninaloliuliza. Upinde wa roda ukilegea, mashine ya kuukaza iko wapi hapa Msambweni? Meno ya kigumba yakipotea, duka lipi Ukunda linayo? Rili ile ya mwaka jana haikufa kwa sababu ya unga mweupe peke yake. Ilikufa kwa sababu kipuri chake hakikuwepo kati ya Lunga Lunga na Malindi. Mtumbwi wa ami una umri kunizidi. Una viraka kama suruali ya mwanafunzi, na kila kiraka alikitia mwenyewe.

Kwa hivyo wewe unayetaka kuanza na hela kidogo, nakwambia anza na mshipi wa mkono. Najua. Hauna mvuto. Nipe dakika chache.

Uzi kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotapeliwa. Chukua naeloni ya uzi mmoja, unene wa milimita 0.7 au 0.8 kwa changu na tewa wa kawaida. Msikimbilie ule wa kusukwa kwa kuwa umeandikwa nguvu nyingi. Ule hauvutiki hata kidogo, unakata vidole, na ukisugua mwamba unaisha haraka. Naeloni inavutika, samaki akishtuka ina namna ya kumsamehe. Adui yake ni jua. Kwa hivyo dukani usichukue ule wa dirishani, hata kama mwenye duka anakupunguzia. Mwambie akutolee wa ndani ya boksi. Upitishe kati ya kucha mbili: ukihisi unakwaruza na una weupe kama chaki, jua lilishaula. Kisha mwombe hatua moja tu ya kujaribu, funga fundo, zungushia vitambaa mikononi, vuta kwa kushtua. Uzi mbovu hukatikia kwenye fundo papo hapo. Muuzaji akikataa usijaribu, ameshakujibu.

Na fundo lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza. Ami hufanya hivyo bila kusema kwa nini. Sababu ni kwamba fundo kavu likikazwa linasuguana, linapata moto, na naeloni ikipata moto inadhoofika mahali pale pale.

Ndoana usinunue paketi ya mia moja kwa sababu eti ni bei ya jumla. Nunua kumi nzuri. Chukua moja, ichomeke kwenye ubao, vuta. Ikinyooka ni laini, ikikatika ni ngumu mno, zote mbili hazifai. Kisha ikokote ncha juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza ni butu, ikishika ni kali. Zile za duara, ambazo ncha imegeukia ndani, mimi nazipenda kwa mtu anayeanza kwa sababu samaki hujinasa mwenyewe pembeni mwa mdomo. Wewe ukihisi mguso usishtue, vuta polepole tu. Ukishtua unamnyang'anya chakula. Jioni suuza na maji ya kisima, kausha, pakaa mafuta ya nazi kidogo. Ndoana za ami zinakaa msimu mzima na hakuna kingine anachozifanyia.

Chubwi sasa, na hapa niwe mkali kidogo. Nimeona video ya kijana anayeyeyusha betri ya gari jikoni kwa mamake ili apate risasi ya chubwi. Inapata maelfu ya laiki. Wasee, hapo Mombasa kuna mtaa unaitwa Owino Uhuru. Watu wake walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakaathirika, kesi ikaenda miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Hiyo ndiyo sumu unayoichemsha karibu na sufuria ya ugali. Nenda kwa fundi wa bodaboda, muombe plagi zilizokufa. Anazo kopo zima na hana pa kuzitupa. Plagi ina uzito wa kutosha kwa ndani ya mwamba, na ina mahali pa kufungia.

Na uifunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Ikinasa kwenye jiwe, unavuta, ule mwembamba unakatika, unapoteza plagi ya bure na kubaki na ndoana, na pengine na samaki. Hii ndiyo teknolojia niliyoipenda kuliko zote tangu nitoke chuo, na hakuna mtu anayeweza kuniuzia.

Waya kidogo karibu na ndoana kama mnatoka nje ya mwamba kwenye tengesi na nguru, meno yao yanakata naeloni kama wembe. Mpira wa tyubu ya baiskeli ukatwe pete pete uvae vidoleni, mshipi usikuchane. Chupa tupu ya lita moja ya kuzungushia. Basi.

Nilivyonunua mimi mara ya mwisho: uzi shilingi 350, ndoana kumi shilingi 150, waya shilingi 100. Plagi, tyubu na chupa bure. Jumla 600. Kwa bei ya upinde mmoja unapata seti arobaini na sita na unabakisha shilingi 400 ya chambo.

Mtu ataniambia, sawa, lakini kwa mshipi utapata samaki wangapi, si bora nyavu? Ndiyo, nyavu hushika zaidi, na ile ya naeloni ya uzi mmoja ndiyo rahisi kuliko nyavu zote sokoni. Ndiyo pia iliyokatazwa. Na hata isingekatazwa, ikichanika haishoneki vizuri, watu wanaiacha baharini, na inaendelea kunasa samaki wasio na mwenyewe. Nyavu nzuri ya nyuzi za kusokotwa inashoneka miaka, lakini si ya mtu wa kuanza na elfu moja mfukoni. Mwenye nayo mara nyingi ni mtu wa makamo aliyeanzia kwenye mshipi. Muulizeni.

Sasa lile linaloniudhi zaidi, na naliweka hapa nikijua wenzangu watanikasirikia. Sisi tunaotengeneza video ndio tumewafanya muamini kwamba mvuvi ni vifaa vyake. Video ya fimbo mpya ikitolewa kwenye boksi inapata watazamaji mara kumi ya ami akifunga fundo kwa mate. Najua kwa sababu nimeweka zote mbili. Mtu anakulipa useme kitu kinadumu wakati umekishika siku mbili, na wewe una njaa, na chumba kinadaiwa. Sisemi mtu asichukue dili. Mimi nitachukua tena, nikipata. Lakini nimejiwekea sharti: kitu cha kuvulia nitakitumia miezi mitatu kwenye chumvi kabla sijafungua mdomo, na kikifa nitaonyesha maiti yake. Duka lililokuja na upinde niliwaandikia hivyo hivyo. Hawajanijibu tena.

Mnaosema nawabagua vijana wa Pwani, kwamba Mmarekani apate upinde wa kisasa na sisi tubaki na plagi za bodaboda, nimewasikia. Maumivu yenyewe nayaelewa. Nami nilitaka kuwa mhandisi. Lakini kama kuna kijana hapa anataka usasa, mimi niko tayari tuketi tuunde rili ya mshipi ya mbao ya mwembe na ekseli ya baiskeli, isiyo na alumini hata chembe, ambayo ikivunjika Jumatatu inafanya kazi Jumanne. Nina michoro. Sina pesa, lakini michoro ninayo.

Yule kijana nilimrudishia zile 3,800, kwa awamu mbili, 2,000 halafu 1,800, kwa sababu sikuwa nazo zote kwa pamoja. Nikamwandikia kila kitu nilichowaandikia nyinyi hapa kuhusu mshipi, kirefu kuliko hiki. Alijibu, "Sawa kaka, shukran." Baada ya wiki niliuliza anaendeleaje. Akasema ameenda mjengoni, mamake hataki tena kusikia habari za bahari. Nimeweka pembeni seti moja ya mia sita kwa jina lake, imo kwenye chupa, juu ya kabati. Kama anasoma hapa, aniambie niitume kwa matatu gani.

Jumamosi natoka na ami alfajiri. Nitarekodi kufunga fundo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila muziki. Itakuwa ndefu.